Nani Anapakua?

Siku nilipowaambia nyumbani kwamba nimepata chuo na nitasomea lishe, mjomba aliweka kikombe chini, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetoa pole: "Sasa mama, miaka mitatu yote hiyo, kupika tu?" Mama hakusema kitu pale sebuleni. Tulipobaki wawili jikoni ndipo aliponiambia kwamba kupika alinifundisha yeye, na ada hakudai.

Sikuwa na la kumjibu, maana hata mimi moyo haukuwa huko. Nilimaliza kidato cha sita kwa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, nikitaka udaktari, kama karibu wote tuliosoma PCB. Udaktari niliujaza chaguo la kwanza na la pili. Lishe niliijaza mwisho, kwa sababu dirisha la maombi lilikuwa linafungwa na kwenye fomu palikuwa bado na nafasi. Alama hazikutosha. Ndivyo nilivyoingia kwenye fani ambayo leo inaniweka mjini, na sijifanyi kwamba kuna sauti iliyoniita.

Mwaka 2017 nikapanda basi Sumbawanga kwenda Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mama alinifungia kilo kumi za unga, maharage na kopo la dagaa wa Tanganyika, kana kwamba nakwenda kwenye njaa. Ule mzigo niliuonea haya mbele ya wenzangu waliotoka Dar es Salaam na masanduku yenye magurudumu. Kufikia wiki ya sita boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilikuwa limechelewa, na hao hao walikuwa wananigongea mlango jioni wakiuliza kama dagaa wamebaki.

Mwaka wa kwanza nitaupita haraka, kwa kuwa na wenyewe ulinipita hivyo hivyo. Anayedhani lishe ni mapishi na akae na mzunguko wa Krebs, ile njia ya seli kugeuza chakula kuwa nguvu, saa nane za usiku, taa ya bweni inapepesa, mtihani kesho. Biokemia nilisapu, yaani nilifeli nikarudia mtihani. Wenzangu wakiwa likizo makwao, mimi nilikuwa nimebaki na daftari na hofu ya kudisko, ya kuondolewa chuo, nikiutazama Uluguru ukivaa na kuvua mawingu. Nilipita, kwa alama ambazo sizitaji. Kilichonibakia kichwani ni hesabu ndogo ambayo bado naitumia kila siku ya kazi: gramu moja ya wanga au protini ni kama kilokalori 4, gramu moja ya mafuta ni 9.

Mwaka wa pili mwalimu alituwekea ukutani ramani ya udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka, iliyotokana na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16. Mkoa ukizidi wekundu, ujue watoto waliodumaa ni wengi. Macho yangu yalikimbilia Singida na Dodoma, mikoa niliyozoea kuisikia kila inapozungumzwa njaa. Wekundu mkali kuliko wote ulikuwa kwetu. Rukwa, asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Taifa zima ilikuwa asilimia 34.

Nilikaa pale nikihesabu magunia kichwani. Kwetu msimu wa mavuno malori yanapanga foleni. Mahindi yanamwagwa uani mpaka kuku wanayachoka. Halafu zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa? Mwenzangu mmoja akanigeukia, akanipima kwa macho toka juu hadi chini, safari yenyewe fupi, akasema: "Kumbe!" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, nikajitetea kwa jibu la nyumbani: kwetu ni ukoo wa wafupi.

Mwalimu hakucheka. Alitueleza kwamba vipimo vya ukuaji tunavyotumia kliniki, vile vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilipatikana kwa kufuatilia watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Watoto wale walinyonyeshwa vizuri, wakalishwa vizuri, hawakuugua ovyo, na wakakua karibu sawa, Mwarabu na Mnorwe. Katika miaka mitano ya kwanza, alisema, usiusingizie ukoo mpaka uwe umemaliza kuichungulia sufuria.

Nikaanza kuichungulia ya kwetu kwa mbali. Mama anakwenda shamba alfajiri, na mdogo anabaki na dada yake wa miaka minane. Kinachobaki jikoni ni uji mwembamba, kwa kuwa mwepesi ndio unaomezeka na ndio dada anaoweza kuumudu. Tumbo la mtoto mdogo hubeba kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo nane anabeba kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Kikombe hicho ukikijaza maji yaliyopakwa unga rangi, atashiba, atalala, na hatakuwa amekula. Mayai ya nyumbani yanauzwa yanunue sabuni. Maharage mazuri yanakwenda na lori. Hakuna aliyefanya ubaya wowote, na mtoto anabaki mfupi.

Wiki chache baadaye, maabara, tulipika uji mzito wa kusimamisha mwiko. Mwalimu akatuambia tutie kijiko cha unga wa kimea, ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, tukoroge. Dakika chache tu ukalegea ukawa wa kunyweka, na hatukuongeza hata tone la maji. Vimeng'enya vya kimea vinakatakata wanga, kwa hiyo kikombe kile kile kinabeba unga mara mbili au zaidi. Wenzangu walishangaa. Mimi nilishikwa na kicheko, maana kimea nakijua tangu utotoni: bibi yangu alikianika juu ya mkeka nyuma ya nyumba, cha pombe. Dawa ya uji wa wajukuu alikuwa nayo ndani miaka yote, ikaishia kwa wanywaji.

Hapa niseme neno juu ya mama lishe. Nje ya chuo palikuwa na mama aliyetuuzia ugali maharage na mchicha, na boom likichelewa alituandika kwenye daftari lake. Mimi nasomea kuwa afisa lishe, yeye ni mama lishe, na katika miaka yangu mitatu nadhani lishe aliitenda yeye zaidi. Mwaka ule ule tulipewa zoezi la kuandika kila tulichokula kwa siku tatu, kisha tukipigie hesabu kwa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2008. Daftari langu lilikuwa hivi: chipsi mayai, soda, maandazi mawili, chai, chipsi mayai. Mboga ilikuwa moja tu, mchicha wa mama yule, na nilikuwa nimeula nusu. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshawahubiria watu wawili kwenye basi kuhusu matunda.

Mafunzo kwa vitendo nilipelekwa hospitali moja ya mkoa, wodi ya watoto. Niliingia na koti jeupe jipya, utepe wa kupimia mkono na dodoso la saa 24. Dodoso hilo ndilo upanga wa taaluma yetu: unamuuliza mtu alichokula tangu jana saa kama hizi mpaka sasa, kiasi gani, kimepikwaje. Darasani tulifanyiana wenyewe kwa wenyewe, tukapata alama nzuri.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa miezi 19. Miguu imevimba inang'aa, nywele zimepauka, hacheki wala halii vizuri. Ukimbonyeza juu ya miguu kwa kidole gumba kwa sekunde tatu ukaachia, kishimo kinabaki. Ule ni utapiamlo mkali, kwashakoo. Alikuwa anapewa maziwa maalumu, F-75, kilokalori 75 kwa kila mililita 100, kila baada ya saa tatu usiku na mchana. Nilivyomwona, niliona mtoto mwenye njaa anayepewa kikombe kidogo. Nikapiga hesabu yangu ya 4 na 9, nikaenda kwa sista mkuu wa wodi nikiwa na karatasi, nikamwambia kwa adabu kwamba kiasi hiki hakitoshi, tumwongeze.

Sista alikuwa mama mtu mzima, na miwani yake ilifungwa kwa uzi. Aliisoma karatasi yangu yote. Kisha akasema: "Mwanangu, moto ukikaribia kuzimika, unautupia gogo?"

Nikasema hapana.

"Unaweka vijiti."

Nilikuwa nimelisoma jambo hilo na kulijibia mtihani. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hupunguza kazi ya moyo, ini na figo ili uishi kwa kidogo. Ukimwaga chakula kingi kwa ghafla, fosfati na potasiamu kwenye damu zinaporomoka na moyo unaweza kusimama. Nilijua, na bado huruma ilikuwa imeniandikia karatasi ya kumuua mtoto. Hadi leo mtoto aliyekonda sana akiletwa, kabla sijashika kalamu naikumbuka ile karatasi.

Siku ya nne tulimpima. Alikuwa ameingia na kilo 7.4, sasa ana 6.6. Mimi nilifurahi, maana uvimbe ulikuwa unatoka, kilichopungua ni maji. Mama yake alitazama mizani, akalia. Ndugu waliokuja kumwona siku ile waliulizana kwa sauti tunamfanya nini huyu mtoto, kila siku maziwa na anazidi kwisha. Hakuna aliyekuwa amemweleza mama yule mapema kwamba mtoto atapungua kwanza ndipo aongezeke. Kueleza ilikuwa kazi yangu. Nilishughulika na grafu.

Dodoso nalo. Nilimuuliza mama jana nyumbani mlikula nini, kabla hamjaja. Akajibu vizuri, polepole: wali, samaki, mboga za majani, papai, maziwa. Nikaandika. Niliporudia mara ya pili, siku nyingine, akajibu vile vile kwa mpangilio ule ule, nikageuka kuangalia alikokuwa anatazama. Nyuma yangu ukutani palikuwa na bango la makundi ya vyakula. Alikuwa ananisomea bango.

Alikuwa na sababu. Bibi wa mtoto, mama mkwe wake, alikuwa amenivuta pembeni siku ya kwanza akaninong'oneza kwamba hospitali mnajisumbua, mtoto huyu amebemendwa. Kwa asiyelijua neno, kubemenda ni kwamba wazazi wamekutana kimwili mapema mno, au mmoja ametoka nje, mtoto angali kwenye ziwa, na ubaya ukampata mtoto. Anayeshtakiwa mara nyingi ni mama. Yule dada alikuwa na mimba ya miezi mitano, tumbo ndilo shahidi. Sasa nitokee mimi, msichana wa koti jeupe na kalamu, niulize: mlikula nini? Katika masikio yake lile lilikuwa shtaka la pili.

Nilikuwa na jibu la kitabuni kwa imani zile: ni upotofu, elimisha jamii. Usiku ule nikiwa zamu nilikumbuka somo la historia ya ugonjwa wenyewe. Jina kwashakoo lilitoka kwa Waga wa Gold Coast, Ghana ya leo. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliuandika ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akachapisha jina walilomwambia akina mama wenyewe: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake, anapokuja mwingine. Aliuhusisha na mlo wa mahindi matupu. Akina mama wa Ghana waliona mimba mpya inakuja, wa kwanza anatolewa ziwa, anapewa uji, anavimba. Bibi wa Morogoro naye aliona hayo hayo kwa macho yake mwenyewe. Mimba, kuachishwa, uvimbe. Waga waliutaja ugonjwa kwa msiba wa mtoto, sisi tukaupa jina la dhambi ya mama. Macho yalikuwa sahihi, hukumu ndiyo iliyokwenda kwa asiyestahili. Nikaona siwezi kumwambia bibi kwamba anaota. Nilimwambia kesho yake: "Bibi, umeona sawasawa, mimba ndiyo iliyomtoa kwenye ziwa. Baada ya kutoka, alikuwa anakula nini?" Ilikuwa mara ya kwanza anijibu kwa urefu.

Hata hivyo aliyelifungua jambo lile si mimi. Sista alipita na dawa zake, akamwinamia yule dada kama anayeuliza habari za kawaida za nyumbani, akasema: "Na pale kwenu, nani anapakua?"

Basi. Hakuuliza mnakula nini. Yule dada akamtazama, akasema: mama mkwe. Mwiko ni wa mama mkwe. Wanaanza baba mkwe na mume, kisha shemeji, kisha wageni kama wapo, kisha mama mkwe na watoto wakubwa. Yeye na mtoto wake wanakula mwisho, na mchuzi ukifika huko huwa ni mchuzi kweli. Samaki yupo nyumbani, hakudanganya kuhusu bango. Samaki hafiki.

Dodoso langu lilikuwa na mistari ishirini na nane. Swali hilo halikuwemo. Niliongeza kwa mkono pembeni, na msimamizi wangu alipolikuta aliniuliza ni la chanzo gani. Nikasema ni la wodi.

Mtoto alitoka baada ya wiki tatu, ameshahamia F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, kisha chakula cha dawa cha pakiti, na anacheka. Siku ya kuruhusiwa nilizungumza na bibi zaidi kuliko na mama. Wenzangu waliona nimekosea mlengwa.

Kliniki ya kisukari nilikaa muda mfupi, lakini aibu yake ilikuwa ndefu. Mzee mmoja, mstaafu, nilimpa karatasi nzuri iliyochapwa, mlo wa wiki nzima. Ilikuwa na shayiri ya asubuhi, tufaha, mkate wa ngano isiyokobolewa na brokoli, maana nilikuwa nimeitoa kwenye kitabu cha nje nikabadilisha lugha tu. Mzee alivaa miwani, akaisoma, akaikunja mara nne.

"Mwanangu, hii ni ya mtu gani?"

Nikasema ni yake. Akasema hapana, hii ni ya mtu mwingine, nimempa kwa bahati mbaya.

Tukaanza upya, safari hii kwa ile elimu ya sista. Kwake anapakua mkewe, tena kwenye sinia, yeye na wajukuu wanakula pamoja. Kwa hiyo ule ushauri wetu wa nusu sahani mboga, robo wanga, robo protini, ulikosa pa kukaa. Sahani yenyewe hakuwa nayo. Nikamuuliza anakula matonge mangapi. Hakuna aliyewahi kumuuliza, lakini alijua: kumi na nne, au mpaka wajukuu waondoke. Tukakubaliana mboga ije kwanza, matonge yaanzie nane, dona sawa ila dona nayo ni wanga, asidhani ameruhusiwa sufuria. Chai ilikuwa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. Vijiko kumi na viwili, kila kimoja kama gramu tano, ni gramu sitini. Tulimwaga sukari kiasi hicho kwenye sahani mbele yake na mkewe, tukaitazama watatu, kimya. Mkewe ndiye aliyesema: "Nitapunguza mimi, yeye hatajua." Mzee akasema ameshasikia.

Nilipohitimu, mtaani niligundua kwamba watu wengi wana swali moja kwa mtaalamu wa lishe, nalo ni dawa ya kupunguza tumbo. Wauza virutubisho wa mlango kwa mlango wananiita mwenzao. Nilikaa mwaka na nusu bila ajira kabla ya kupata mkataba. Mjomba alikuwa ameacha kuuliza kama nasomea kupika, sasa anauliza kama serikali inaajiri. Nilimwambia Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973, kazi hii si ya jana. Akasema basi wakupe.

Likizo yangu ya kwanza baada ya kupata kazi nilikwenda Sumbawanga. Dada yangu alikuwa amerudi nyumbani na mwanawe, mwaka mmoja na miezi minne. Jioni ya kwanza mama alipika ugali, maharage, na samaki mmoja mkubwa wa ziwani kwa heshima yangu. Nilikuwa nimemweleza yote kwa simu, ya wodi, ya bango, ya sista. Alikuwa ameyasikia vizuri sana. Chakula kilipoiva, alifuta mikono, akaninyooshea upawa.

"Haya, afisa. Leo pakua wewe."

Baba alikuwa ameshakaa mkekani, amenawa, anasubiri. Mjomba pembeni yake. Mtoto alikuwa amepakatwa na mama yake karibu na mlango, macho kwenye sufuria. Samaki alikuwa na mgongo, mkia, kichwa na vipande viwili vya tumbo. Nilisimama na upawa mkononi muda mrefu kuliko inavyofaa, mpaka mjomba akakohoa.

Nikampa baba mgongo.